Mfupa wa Sungura, Taya la Mvuvi

Mjomba wangu, mvuvi wa kisiwa cha Goziba katika Ziwa Victoria, hakuwa na haja ya kisu anaposhona nyavu. Alipitisha uzi, akavuta fundo, akainamisha kichwa; meno mawili ya mbele yakakutana, uzi ukakatika, na mkono ulikuwa umeshafika kwenye tundu la pili. Nimemwona akifanya hivyo tangu utoto wangu. Kwa hiyo siku niliyomkuta ameweka wembe juu ya goti, nilijua kuna kilichoharibika hata kabla hajaitikia shikamoo yangu. Meno matatu ya juu, ya mbele, hayakuwapo.

Yalivyotoka hakutaka kusimulia. Alitaka kuniuliza habari aliyoisikia kwa vijana waliorudi kutoka Mwanza.

"Nasikia mjini wanapanda jino, kama mtu anavyopanda mche wa mgomba kibanjani. Wanachimba shimo tayani, wanatia chuma, mfupa unakishika. Ni kweli, mpwa wangu?"

"Ni kweli, mjomba."

"Nani alijaribiwa wa kwanza? Maana mtu hakubali kuchimbwa taya hivi hivi."

Nikamjibu: sungura. Alinitazama kama mtu aliyepunjwa kwenye mizani, na alikuwa na haki. Neno moja halitoshi. Tulikuwa na mchana mzima mbele yetu na dagaa wa kugeuza juani, basi nikamsimulia yote, kama ninavyoyaandika hapa.

Kabla ya sungura kuna chuma, na kwenye habari za chuma sisi Wahaya tuna haki ya kusema kwanza. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha katika jarida la Science matokeo ya utafiti wao wa huku kwetu, magharibi ya Ziwa Victoria. Walionyesha kwamba wahenga wetu waliyeyusha chuma kwa ustadi mkubwa na kwa moto mkali zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Lakini chuma kile, kwa ubora wake wote, kingetiwa tayani kingeliwa na kutu. Ndani ya mwili mna maji ya chumvi, na chuma hakistahimili chumvi. Mvuvi yeyote anayebadilisha misumari ya mtumbwi anajua maji hufanya nini kwa chuma, hata haya ya ziwa yasiyo na chumvi.

Metali iliyokuja kukubaliwa na mfupa ni titaniamu. William Gregor aliigundua mwaka 1791 katika mchanga mweusi wa Cornwall, Uingereza, na miaka minne baadaye Mjerumani Martin Klaproth akaipa jina. Mchanga wa jamii hiyo tunao hata huku Afrika Mashariki: ulichimbwa Kwale, pwani ya Kenya, tangu 2013 hadi mgodi ulipofungwa mwishoni mwa 2024, na mzigo ukapakiwa melini Likoni. Sehemu kubwa ya madini hayo duniani huishia kuwa rangi nyeupe, kama ile ya kupaka nyumba. Kidogo tu hugeuzwa metali, na chembe ya hicho kidogo ndiyo hufika mdomoni mwa mtu. Siri yake ni kwamba titaniamu ikiguswa na hewa hujifunika papo hapo kwa utando mwembamba mno, mgumu, usiopitisha kitu. Mwili unagusa utando huo, wala hauoni metali iliyo chini yake.

Mfupa ulikuwa umeshatoa ushahidi mara mbili kabla ya mtu yeyote kusikiliza. Mwaka 1940 Bothe na wenzake wawili walitia vipande vya metali mbalimbali kwenye mifupa ya paka, wakaona mfupa unaisogelea titaniamu na kushikana nayo. Mwaka 1951 daktari wa mifupa Gottlieb Leventhal alitia skrubu za titaniamu kwenye mapaja ya panya. Baada ya wiki 6 skrubu zilikuwa zimekaza kidogo. Baada ya wiki 12 zilikuwa ngumu kufungua. Baada ya wiki 16, alipojaribu kuifungua moja, paja la panya likavunjika na skrubu ikabaki palepale. Hapa huwa nasimama kila nisomapo. Mfupa ulikubali kuvunjika kuliko kuiachia metali, na dunia ya meno haikushtuka. Leventhal alikuwa akitafuta skrubu ya kuungia mifupa iliyovunjika. Meno hayakuwa akilini mwake.

Mwaka uliofuata, 1952, katika mji wa Lund huko Sweden, kijana aitwaye Per-Ingvar Brånemark alikuwa akichunguza jambo jingine kabisa. Alitaka kuona damu inavyotembea ndani ya mfupa ulio hai. Alitengeneza kijidirisha cha titaniamu chenye kioo, akakipachika kwenye mfupa wa mguu wa sungura, akaweka hadubini juu yake. Sungura yu hai, anakula majani yake, na daktari anachungulia uboho kama mtu anavyochungulia chumba kupitia tundu la ufunguo. Utafiti ulipokwisha akataka kuchukua vijidirisha vyake, kwa kuwa vilikuwa ghali na alitaka kuvitumia tena. Havikutoka. Mfupa ulikuwa umeota ndani ya kila mfuo wa metali.

Brånemark alikuwa na jicho la kuona kwamba kikwazo chake kilikuwa na thamani kuliko utafiti wenyewe. Alihamia Göteborg mwaka 1960, na huko ikaanza zamu ya mbwa. Waling'olewa meno, majeraha yakaachwa yapone, kisha skrubu za titaniamu zikatiwa tayani na kufunikwa na ufizi. Baada ya miezi ya kungoja, meno ya bandia yakafungwa juu yake, na mbwa wakala nayo. Baadhi yao walikaa na meno hayo miaka mingi bila kulegea.

Mwaka 1965 ikafika zamu ya mtu. Gösta Larsson alikuwa amezaliwa na kasoro za taya na hana meno ya kutafunia. Alitiwa vipandikizi vinne, yaani skrubu hizo za titaniamu, katika taya la chini. Larsson alifariki mwaka 2006, zaidi ya miaka 40 baadaye, navyo vikiwa bado mahali pake. Nilipofika hapo mjomba aliacha kugeuza dagaa. "Basi mbwa walisema kweli," alisema.

Walisema kweli, lakini hawakusema yote.

Kwanza, wataalamu wa meno wa Sweden wenyewe walikataa kuamini. Kwa miaka mingi walikuwa wameona vyuma vya kila namna vikitiwa tayani na kutoka na usaha, na walifundishwa kwamba baina ya mfupa na kitu kigeni lazima uote utando laini wa nyama, na utando huo ndio mwanzo wa kulegea. Brånemark alipodai kwamba mfupa umegusa metali moja kwa moja, walimwambia athibitishe. Kuthibitisha kulikuwa na mtego wake. Ili kuutazama mfupa kwa hadubini lazima uukate uwe mwembamba kama karatasi, na hakukuwa na kisu cha kukata mfupa na metali pamoja. Ulilazimika kuichomoa skrubu kwanza, na ukiichomoa unararua pale pale unapotaka kupaona. Ilichukua hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 ndipo Karl Donath, wa Hamburg, alipokamilisha njia ya kugandisha kipande kizima ndani ya plastiki ngumu, kukikata kwa msumeno na kukisaga taratibu hadi mwanga upite. Hapo kila aliyetaka kuona akaona: mfupa, halafu metali, na katikati hamna kitu. Uswisi nako André Schroeder wa Bern alikuwa ameshafika mahali hapo kwa njia yake, akitumia kima.

Pili, na hapa ndipo pananiuma, kila mnyama alikuwa na jibu la mwili wake. Mfupa wa mwili wowote hubomolewa na kujengwa upya bila kukoma, kama nyumba ya udongo inayokandikwa kila baada ya masika. Kwa sungura mzunguko mmoja wa kazi hiyo huchukua kama wiki 6. Kwa mbwa ni wiki 12. Kwa mtu ni wiki 17. Anayesoma matokeo ya sungura ya mwezi mmoja na nusu akadhani amesoma ya mtu, amejidanganya kwa kiasi cha karibu mara tatu. Watu wa Göteborg waliweka kanuni ya kungoja: miezi 3 kwa taya la chini, 6 kwa taya la juu, skrubu ikiwa imefunikwa na haijabeba mzigo.

Isitoshe, mguu wa sungura hautafuni. Skrubu iliyo kwenye muundi haijui mfupa wa samaki wala muhogo mkavu. Mbwa anatafuna, lakini taya lake hufunguka na kufunga kama mkasi, juu na chini. La mtu husaga pia kwa upande, na msukumo wa upande ndio unaotikisa nguzo. Tena sungura na mbwa wa maabara ni vijana, wana afya, hawavuti sigara, hawana kisukari, na mifupa yao haijakonda kwa miaka ya kukaa bila meno. Mgonjwa wa kweli mara nyingi ana mojawapo ya hayo au yote.

Hesabu ya tofauti hiyo ilikuja kuonekana kwa watu wenyewe. Mwaka 1981 Ragnar Adell na wenzake, Brånemark akiwamo, walitoa taarifa ya miaka 15: wagonjwa 371, vipandikizi 2,768. Baada ya miaka 5 hadi 9, vilivyobaki imara katika taya la chini vilikuwa asilimia 91, na katika taya la juu 81. Taarifa hiyo ndiyo iliyoifungulia kazi hii milango ya dunia, hasa baada ya mkutano ulioitishwa na George Zarb mjini Toronto mwaka 1982. Mimi naisoma pia kwa jicho la yule wa taya la juu. Karibu skrubu moja katika kila tano ilipotea, na nyuma ya kila iliyopotea kuna mtu aliyechimbwa, akangoja, akatumaini. Mjomba wangu meno yake yaliyotoka ni ya juu.

Nisimdhulumu sungura, maana kuna jambo alilotuachia ambalo kila daktari wa meno hulitumia leo. Niliwahi kuruhusiwa kushika keekee katika mafunzo, na mfupa wenyewe ulikuwa ubavu wa ng'ombe, umenunuliwa bucha asubuhi ileile. Maji ya baridi yalikuwa yakimiminika kwenye ncha ya keekee, na unga mweupe wa mfupa ukitoka nayo. Kisha mkufunzi akafunga maji makusudi. Hazikupita sekunde nyingi ikaja harufu ninayoijua tangu nyumbani, ya kwato ikichomwa. "Umemuua," akaniambia, akimaanisha mfupa. Kipimo cha joto linaloua kilipatikana Göteborg mwaka 1983, kwa sungura, kupitia kijidirisha kama kile cha kwanza cha Brånemark: nyuzi 47 za sentigredi kwa dakika moja. Watafiti Eriksson na Albrektsson walipasha mfupa joto, wakatazama mishipa ya damu ikisimama na mfupa ukifa siku kwa siku. Ubavu wa bucha usingeweza kutuambia hayo. Unakufundisha mkono, unakuonyesha mfupa mgumu na mfupa wenye vijitundu, lakini hauna kesho. Ulishakufa kabla hujaugusa.

Vipandikizi vilipoenea, ugonjwa mpya ukaenea navyo: ufizi unaozunguka metali unavimba, unatoa usaha, na mfupa unalika taratibu hadi skrubu inabaki wazi. Ili kuuelewa, wanasayansi walirudi kwa mbwa, safari hii aina ya beagle. Jan Lindhe na wenzake walichapisha mwaka 1992 jaribio ambalo limeigwa sana tangu hapo. Kwanza meno na vipandikizi vya mbwa vilitunzwa visafi kwa mswaki, mikononi mwa watu wa maabara. Kisha usafi ukasimamishwa, na uzi ukafungwa shingoni mwa jino na shingoni mwa kipandikizi ili kukusanya uchafu chini ya ufizi. Kwenye jino la asili, ugonjwa uliishia mahali: tabaka la nyama lenye afya lilibaki likiutenganisha na mfupa, kama ukuta. Kwenye kipandikizi hapakuwa na ukuta. Ugonjwa ulizama hadi kwenye uboho.

Fundisho hilo ni la kweli na limeokoa meno ya wengi. Lakini uzi ule ni tatizo lenyewe. Hakuna mtu anayefungwa uzi shingoni mwa jino. Ugonjwa unaomchukua mtu miaka kumi, mbwa alisababishiwa kwa miezi michache, na wataalamu hadi leo wanajadiliana kiasi gani cha kinachoonekana ni ugonjwa na kiasi gani ni jeraha la uzi.

Na si wanyama wote wanaodanganya kwa namna moja. Ugo Ripamonti, wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand huko Johannesburg, alifanya kazi ya miaka mingi kwa nyani, akitafuta dawa ya kuotesha mfupa pale ulipokwisha. Alipata kwamba protini fulani, iitwayo TGF-beta kwa kifupi, ikitiwa ndani ya msuli wa nyani huotesha mfupa. Ikitiwa kwa panya haioteshi. Angeanza na kuishia kwa panya, angeitupa. Wengine waliona kinyume chake: kiasi cha dawa ya kuotesha mfupa kilichotosha panya hakikutosha mtu, ikabidi kiongezwe sana, na gharama na madhara vikapanda pamoja nacho.

Neno moja la pembeni, kwa kuwa wasomaji wengi wa lugha hii ni Waislamu. Mfupa ukiwa umepungua, daktari huweza kujaza unga wa mfupa wa ng'ombe na kufunika kwa utando ambao mara nyingi umetengenezwa kwa nguruwe. Mgonjwa ana haki ya kuambiwa kabla ya ganzi, na ana haki ya kukataa. Nimeona hilo likipitwa kimya, na si sawa.

Mwaka 2019 mji uleule wa Göteborg ulitikisika kwa ajili ya mbwa sita wa aina ya Labrador waliotumika chuo kikuu katika utafiti wa vipandikizi vya meno. Watu zaidi ya 80,000 walitia saini kuomba waachiwe waishi. Haikusaidia, waliuawa ili tishu zao zichunguzwe. Walikuwa na majina, na moja la majina hayo lilinisimamisha: Zuri. Sijui aliyempa jina hilo alijua ni neno la lugha gani. Mimi nalijua, na tangu siku hiyo kila nisomapo "mbwa sita" katika jedwali la utafiti namwona mmoja wao akiitwa na kuitika.

Siandiki hivi ili kusema kazi ile ingeachwa. Larsson alikula chakula chake miaka 40. Tangu 1959, Waingereza William Russell na Rex Burch walipoandika kwamba mnyama atumike pale tu pasipo njia nyingine, kwa idadi ndogo iwezekanavyo na kwa maumivu kidogo iwezekanavyo, dai hilo limekuwa mezani. Kinachonichoma ni jaribio linalorudiwa kwa mbwa wengine wanane, wengine kumi, ili kupima skrubu yenye mifuo tofauti kidogo na ya mshindani sokoni, na jibu lake likija bado halimhusu mzee wa miaka 60 mwenye kisukari.

Wala halimhusu mtu wa Goziba. Kilichotoka Tanzania na kuwafaa watu wa visiwani kilikuwa kitu kingine. Katikati ya miaka ya 1980, shule ya madaktari wa meno ya Dar es Salaam ikiwa bado changa, Mholanzi Jo Frencken alianza huko njia ya kuziba meno yaliyotoboka kwa vifaa vya mkono tu: kukwangua sehemu iliyooza, kujaza dawa inayonata, kubana kwa kidole. Haihitaji umeme wala keekee. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likaitangaza kwa nchi zote. Jino likizibwa mapema kwa njia hiyo, mara nyingi halifiki kwenye habari za skrubu.

Lakini ya mjomba yalishatoka, na aliuliza kuhusu chuma. Nikamwambia hatua zake: safari ya kwanza ya kupigwa picha ya taya, safari ya pili ya kuchimbwa, kungoja miezi 6 kwa kuwa ni taya la juu, safari ya tatu ya kufungwa meno, kisha kurudi kukaguliwa kila mwaka, na mswaki kila siku.

"Na ufizi ukivimba nikiwa hapa?"

Nikamwambia lazima apande boti.

Hakunijibu. Alianza kuhesabu kwa vidole, na nikaona hahesabu miezi kama mimi. Mvuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza na kupumzika mbalamwezi ikiwaka, kwa hiyo alikuwa akihesabu giza: giza la kwanza, la pili, hadi la sita, na kwenye kila moja akataja nani angeshika nyavu zake. Kwenye la nne alikwama. Akafikiri, akataja jina la kijana wa jirani, akatikisa kichwa, akarudi mwanzo.

Jua lilikuwa limeanza kushuka. Usiku ule ulikuwa wa giza. Aliinua wembe kutoka gotini, akakata uzi wa mwisho, akaenda kuandaa taa.